Ukungu Ndani ya Taa za Mbele za Gari
Msimu wa masika, madereva wengi huona ukungu ndani ya taa za mbele za magari yao. Ukungu mwembamba unaotoweka taa zikiwaka kwa muda si hitilafu. Maji yanayotuama ndiyo hatari: hufifisha mwanga na kutia kutu soketi. Mara nyingi chanzo ni mpira wa nyuma ya balbu uliochakaa au kufungwa vibaya.

Kabla ya kubadilisha balbu, zima taa, ziache zipoe, kisha chomoa waya hasi wa betri. Balbu ya H4 ya volti 12 huwa na wati 60 na 55. Yenye wati nyingi zaidi huweza kuyeyusha soketi. Usiguse kioo chake kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huweza kukipasua kinapopata moto. Mpira ukirudishwa upande, maji yataingia tena mvua ikinyesha.