Saa za Majani, Saa za Sindano

Kwenye vilima vya Kericho na Bomet, asubuhi ni mali ya chai. Umande haujakauka, na tayari kina mama wamejifunga plastiki kiunoni, vikapu mgongoni, wanachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka vidole vinafanya kazi bila kusubiri macho. Karani wa kituo cha kununulia majani hamngoji mtu, na lori la kiwanda halimngoji karani. Lakini ikifika saa nane au saa tisa mchana, mawingu yaliyotoka upande wa Ziwa Victoria huwa yamekwisha kujazana juu ya Msitu wa Mau, na mvua inashuka. Majani hayachumwi tena. Kuanzia hapo hadi giza liingie, saa ni za kogo.

Kogo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita bibi, na si wajukuu zake tu, jirani mwenye mvi mwenyewe atamwita hivyo akimsalimia njiani: “Chamgei, kogo.” Ninayemzungumzia hapa anaishi upande wa Konoin, mwendo mfupi kutoka Mogogosiek, katika nyumba ya mbao yenye paa la mabati. Cherehani yake ya kukanyaga imewekwa dirishani kwa sababu umeme ukikatika mwanga wa dirisha haukatiki. Chini ya meza kuna karai la vipande vya nguo. Juu ya kiti kuna blanketi la viraka ambalo halijaisha, nami sijawahi kumkuta hana blanketi ambalo halijaisha.

Anavyolishona ni hivi. Tabaka la juu ni vipande vyenyewe: sketi ya shule iliyochakaa pindo, suruali ya sare iliyopasuka magotini, kona ya leso, mfuko wa koti la mitumba, na mabaki anayowekewa kwenye gunia na fundi wa sare pale sokoni. Katikati anatia blanketi kuukuu lililokwisha manyoya. Chini anaweka amerikani, au shuka nzito ikipatikana. Tabaka zote tatu hupigwa bandi kwa mkono, mishono mirefu ya kushikilia tu, kisha ndipo zinapopelekwa kwenye cherehani. Sindano ya mashine anabadilisha hapo. Ile ya kushonea mashati hupinda au huvunjika ikikutana na tabaka tatu, kwa hiyo anatumia namba 18 na kulikanyaga gurudumu polepole. Akifika mahali pipi ya mtoto ilisahaulika mfukoni miaka miwili iliyopita, husimama, akaikwangua kwa kisu, akaendelea.

Rangi hazipangwi ovyo. Kila shule ya huku ina rangi yake ya sare, na blanketi likikamilika watoto hulipanda kitandani wakajitafuta humo: hii ni sketi yangu ya darasa la tatu, hii ni ile niliyochana kwa seng'enge. Blanketi kama hilo halipatikani dukani. Tena usiku wa huku unalihitaji. Mashamba ya chai ya Kericho mengi yako kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,200, na mwezi wa Julai mtu hulala na soksi.

Wapo wanaodhani sindano ililetwa huku na wamisheni. Cherehani ndiyo, sindano hapana. Kabla ya kitambaa mwanamke wa Kikipsigis alishona ngozi za mbuzi na kuzipamba kwa shanga. Alishona pia legetiet, mshipi wa ngozi unaopangwa simbi safu kwa safu, ambao si pambo tu: mama hujifunga huo mshipi baada ya kujifungua, na mwana akiwa safarini au hatarini, mama huukaza kiunoni na kumwombea. Zile simbi ni za Bahari ya Hindi. Zilipanda kutoka pwani zikipitishwa mkono kwa mkono mpaka zikafika kwa watu ambao bahari hawakuwahi kuiona, nao wakazipa kazi ambayo sisi wa pwani hatukuifikiria.

Hata kibuyu hushonwa. Sotet ikipata ufa, haitupwi. Inatobolewa vitundu pembeni mwa ufa na kukazwa kwa uzi, kisha inarudi kazini. Na sotet ina kazi. Maziwa huchemshwa, yakapozwa, yakamiminwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, yakaachwa siku kadhaa mpaka yawe mursik, mazito, yenye rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Ndiyo hayo wanayonyweshwa wanariadha wakishuka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta na medali shingoni, mbele ya kamera. Nyumbani kwa kogo hakuna kamera, na anayepewa kikombe cha kwanza ni yule aliyesuuza vibuyu.

Mishono ya mapambo ilikuja baadaye. Mwaka 1952, mwaka uleule Hali ya Hatari ilipotangazwa, lilianzishwa shirika la Maendeleo ya Wanawake, na vikundi vyake vikaenea vijijini vikifundisha kushona, kufuma, mapishi na malezi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hesabu zake katika jambo hilo. Hesabu hizo zimepita, vitambaa vimebaki. Ingia sebule yoyote ya kizazi cha kogo na utavikuta juu ya migongo ya makochi, juu ya meza, juu ya redio, juu ya televisheni, vingine vimefumwa kwa sindano ya kulabu, vingine vimetariziwa maua na maneno ya kumkaribisha mgeni. Siku ya koito, watu wa upande wa kijana wanapokuja kuzungumza mahari, vitambaa vyote hufuliwa, vikapigwa pasi na kutandikwa, na wageni huviangalia wakijifanya hawaviangalii. Nimewasikia vijana wakivicheka. Mimi naona mwenye sebule isiyo na kitambaa hata kimoja ana deni la maelezo.

Sasa nirudi kwenye chai, maana bila chai hutaelewa kwa nini kogo anaithamini sindano kiasi hicho. Majani ya wakulima wadogo huuzwa kupitia KTDA, iliyoanzishwa kama mamlaka ya serikali mwaka 1964 na kugeuzwa kampuni ya binafsi mwaka 2000. Kila mkulima ana namba yake, na kwa namba hiyo ndiyo majani hupimwa, malipo ya mwezi hutoka, na mwisho wa mwaka wa chai huja bonasi. Namba hufuata shamba, na shamba, mara nyingi mno, liko kwa jina la mzee. Mama ndiye anayechuma. Karatasi ni ya baba. Wapo wazee waadilifu wanaokaa na wake zao mezani kuigawa bonasi shilingi kwa shilingi, lakini kila kijiji kina hadithi ya yule aliyeshuka mjini Kericho na bonasi nzima akarudi na kofia mpya. Isitoshe, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamezoea kupata bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki, wa Murang'a na Kirinyaga, na kila Oktoba malalamiko huwa yaleyale.

Sindano haina namba ya mkulima. Pesa ya kitambaa haipiti kwa karani wala kwa mzee. Vivyo hivyo shamba dogo la mboga nyuma ya jiko: kisheria ni la mzee kama ardhi nyingine yote, lakini mzee akitaka kung'oa kitu humo huomba ruhusa kwanza.

Mboga zake ni za asili. Kuna isagek, ambazo wengi tunaziita sageti. Kuna isoik, yaani managu. Kuna inderemek zilizopandishwa kwenye ua. Sageti ni chungu, na mpishi asiyejua atamwaga maji mara tatu akimaliza utamu pamoja na uchungu. Kogo huzichemsha, akazitia maziwa, akaziacha zilale mpaka kesho yake ndipo zipashwe moto na kuliwa na kimyet cha wimbi. Mbegu hainunui. Huacha mashina machache yakomae, akaanika vikonyo juu ya gunia, na mjukuu mmoja hupewa kazi ya kufukuza kuku.

Mahindi yalimfundisha adabu. Septemba 2011, huko Longisa, ndani ya Bomet hiihii, ndiko ugonjwa hatari wa mahindi unaokausha majani na kuacha magunzi matupu uliporipotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Shamba lilionekana limeiva kabla ya wakati, kumbe limekufa. Waliokuwa wamepanda mahindi tupu walinunua unga mwaka mzima. Tangu hapo kogo huchanganya: viazi, maharage, wimbi kidogo, mboga, na mahindi kwa sehemu tu.

Adui mwingine hatabiriki. Mvua ya mawe huanguka Kericho kwa wingi usio wa kawaida hata ukilinganisha na sehemu nyingine za dunia, kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa kunyunyiza dawa mawinguni ili mawe yapungue kabla hayajafika kwenye michai. Mawe yangali yanakuja. Yakianza kugonga mabati, kogo haendi kwenye chai, maana hekta za chai huwezi kuzifunika. Watoto hukimbia na magunia na mabeseni kufunika kitalu cha miche.

Watoto wenyewe wamejaa. Huyu mama yake anafanya kazi Nairobi, yule mama yake yuko Saudi Arabia katika nyumba ya watu, wale wawili ni wa jirani ambao hawaoni sababu ya kurudi kwao. Majina yao yanaeleza walivyozaliwa: Chepkoech alikuja alfajiri, Kiprotich ng'ombe wakirudi zizini, na Kiprop na Cherop mvua ikinyesha, jambo ambalo Kericho halihitaji bahati. Hayo ni yale yanayoitwa majina ya uji tu. Kuna jina lingine, kurenet, ambalo kogo ndiye mwenye kazi nalo. Mtoto akizaliwa, wanawake wazee hutaja majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na linapotajwa jina mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Wapo wanaosimulia kwa kicheko kwamba ugoro kidogo puani ulisaidia marehemu kufanya haraka. Mjukuu mdogo wa kogo alipigia chafya jina la mama mkwe wake, na mpaka leo akikataa kuosha vyombo kogo humwambia, “Hata ulipokuwa mzee ulikuwa mvivu, mama mkwe.”

Utani kati ya bibi na mjukuu una ruhusa ambayo baba hana. Mambo ambayo mtoto hathubutu kuyauliza kwa mzazi huulizwa hapa, kwenye sakafu karibu na cherehani, mvua ikipiga kelele za kutosha watu wa chumba cha pili wasisikie. Huulizwa pia vitendawili, tangoch, na anayeshindwa hulipa kwa kazi. Kazi yenyewe ni ya macho: kogo haoni tundu la sindano, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya shule watoto humtungia uzi sindano kadhaa na kuzichomeka kwenye mto mdogo, nyuzi zikining'inia. Sindano zikiisha uzi kabla hawajarudi, anakunja kazi na kwenda kupalilia.

Soko la vitambaa limepungua. Vifuniko vya makochi vya kiwandani vimejaa madukani, laini, rahisi, na havihitaji miezi mitatu. Kogo alikuwa ameanza kushona vya kugawa tu, cha harusi hiki, cha mchungaji kile. Kisha mjukuu wake mkubwa, anayesoma chuo Nairobi, akaja na picha kwenye simu. Wasichana wa mjini siku hizi wanavaa blauzi na kofia zilizofumwa kwa kulabu, zilezile nyuzi na ileile mishono ya kitambaa cha redio. Kogo aliiangalia picha kwa muda, akaigeuza simu upande huu na upande huu.

“Chepto, nguo yenyewe iko wapi? Mimi naona matundu tu.”

“Ndiyo hiyo, kogo. Wanataka hivyo.”

“Na hii baridi?”

“Nairobi hakuna baridi kama yenu.”

Aliuliza bei. Alipoambiwa, aliomba irudiwe, akafuma ya kwanza kwa siku nne. Alikuwa ameongeza kitambaa cha ndani kwa heshima, na mjukuu akalazimika kukifumua kwa siri kabla ya kuituma. Siku hizi maagizo huja kwa WhatsApp ya mjukuu, vipimo huandikwa na Chepkoech kwenye daftari la hesabu, na malipo huingia moja kwa moja kwenye M-Pesa ya kogo. Mzee aliwahi kuuliza, kwa upole kabisa, kama namba hiyo haingekuwa bora iwe yake. Kogo alimwambia ana namba yake ya chai, inamtosha.