Nguo ya Mtihani



Mitihani inapokaribia, sote huhimizana kusoma, kulala mapema na kufika kwa wakati. Nguo huachwa hadi asubuhi yenyewe. Tumeonelea tuzieleze hapa, kwa sababu tumeona zikimgharimu mtu.

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili aliamka akakuta mvua, akaazima koti la mwenzake wa chumbani. Mtihani ukiwa umekwisha kuanza, alitia mkono mfukoni kutafuta kitambaa, ikatoka karatasi iliyokunjwa: muhtasari wa ngeli za nomino. Haikuwa yake, na mtihani wenyewe ulikuwa wa fasihi. Hata hivyo, msimamizi alilazimika kuichukua na kuandika ripoti. Suala liliisha salama, lakini dakika ishirini za kujieleza hazikurudi. Tangu siku hiyo, tukifundisha methali "Nguo ya kuazima haisitiri matako", mfano tunao.

Tusimlaumu msimamizi. Karatasi za siri ni tatizo la miaka mingi. Jirani zetu wa Kenya wamezipa hata jina, mwakenya, kutokana na vuguvugu la siri la miaka ya 1980. Ndiyo maana kofia, mifuko iliyotuna na mikono mipana humfanya msimamizi asogee karibu. Naye mtahiniwa aliyesimamiwa begani husahau hata alichokijua.

Kwa hiyo tunashauri haya:

1. Vaa nguo na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kiatu kipya kinachobana hukumbusha kidole kila baada ya swali.

2. Jiandae kwa baridi na joto. Kampala iko karibu na Ikweta, lakini ipo takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya mvua huwa na baridi, na kufikia saa nane mchana jua huweza kuwa kali. Shati au blauzi nyepesi, na juu yake sweta ya vifungo, vinatosha. Sweta hiyo huvulika bila kusimama.

3. Uache huru mkono wa kuandikia. Bangili hugonga meza na kuwasumbua wengine. Mtandio ubanwe vizuri usije ukawa unarekebishwa kila mara.

4. Pindua mifuko yote usiku wa kuamkia mtihani.

Kwa mtihani wa mazungumzo, nguo safi iliyopigwa pasi ni heshima kwa mtahini na humtuliza mtahiniwa mwenyewe. Alama, hata hivyo, hazitolewi kwa tai.

Nanyi walimu, kama kuna vazi lisiloruhusiwa, litangazeni wiki moja kabla, si mlangoni.

Mwisho, tunajua kwamba wako wanaoazima kwa sababu hawana. Hakuna aibu katika hilo. Aazimaye na apekue mifuko kwanza, na mwenye nguo aipekue kabla ya kuitoa.

Tunawatakia mitihani mema.