MFUNDISHE MUUZAJI WAKO KWA SIMU AKIWA KAZINI

Leo naongea na nyie mlioanza kuajiri vijana wa kuzungusha bidhaa zenu mitaani.

Kuna kijana mmoja anatotolesha vifaranga chotara. Alimwajiri muuzaji, akamfundisha siku nzima, akampa na karatasi. Wiki chache baadaye mama mmoja akaja kulalamika: vifaranga mia alivyonunua karibu vyote vimekufa kwa mdondo. Alisema, "Muuzaji wako aliniambia wameshachanjwa." Kweli walichanjwa, lakini ni chanjo ya Mareks, ile ya siku ya kwanza. Ya mdondo bado. Muuzaji hakudanganya, ila alisikia "wamechanjwa" akaishia hapo.

Mafunzo ya siku moja hayakai kichwani. Mtu anashika jambo pale anapolihitaji, na muuzaji wako analihitaji akiwa mlangoni kwa mteja, wewe haupo. Kilichopo ni simu yake. Fanya hivi:

1. Somo moja kwa siku
Asubuhi tuma ujumbe wa sauti WhatsApp usiozidi dakika moja. Jumatatu joto la wiki ya kwanza (nyuzi 32 hadi 35), Jumanne chanjo, Jumatano maji. Usirundike yote siku moja. Mwenye kitochi mtumie meseji fupi.

2. Ratiba ya chanjo ikae kwenye simu
Apige picha: siku ya 7 mdondo, ya 14 Gumboro, ya 21 mdondo tena, ya 28 Gumboro tena. Akiuza tu, aweke kikumbusho siku ya 6 ampigie mteja. Hapo amejifunza ratiba na mteja ameona anajaliwa.

3. Picha kutoka kwa mteja
Akitembelea banda, aombe ruhusa apige picha akutumie. Kabla hujajibu, muulize yeye kwanza: "Unaona nini?" Vifaranga wakijibana chini ya taa wana baridi. Wakiikimbia taa na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika vizuri, mambo safi. Picha tatu za namna hii zinafundisha kuliko kurasa kumi.

4. Swali la jioni
Muulize: leo mteja gani alikuuliza kitu ukashindwa kujibu? Jibu litume kwenye grupu ili wauzaji wote wapate. Baada ya miezi michache una kitabu chako mwenyewe, kimetoka kwa wateja wako.

5. "Sijui, ngoja niulize"
Mfundishe kusema hivyo bila aibu, kisha akupigie hapo hapo. Kuku wakiumwa, asipendekeze dawa. Amwelekeze mteja kwa afisa mifugo.

ANGALIZO
Bando ni gharama ya kazi, usimwachie muuzaji alipe mwenyewe. Usimgombeze mtu kwenye grupu, maana kesho ataficha kosa, na kosa lililofichwa ndilo linaloua vifaranga. Na simu haichukui nafasi yako: angalau mara moja kwa wiki ongozana naye, nyamaza, msikilize anavyomweleza mteja.

Yule kijana alimlipa mama vifaranga vingine mia. Muuzaji hakumfukuza. Alimtaka atume ujumbe wa sauti kila siku kwa wiki mbili, akieleza chanjo kwa maneno yake kama vile anaongea na mteja. Siku za kwanza alichanganya. Sasa hivi yeye ndiye anafundisha wapya.

Kumbuka, mteja hakujui wewe. Anamjua yule aliyefika na boksi kwenye bodaboda. Anachokisema yeye ndicho ulichokisema wewe.

Ukijaribu, niambie imekuendeaje. Kazi njema!