Unataka kutembelea ikulu ya kimila? Kumbuka, kuna watu wanaishi humo

Ukiwa Kizwite, huna haja ya kwenda mbali kutafuta historia ya kifalme. Milanzi nayo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, na ndiko Wafipa wanakosema ulianzia utawala wao wa kwanza, chini ya Mwene.

Simulizi inayojulikana sana Ufipa inasema hivi: Mwene alikuwa ameenda kuwinda. Nyuma wakaja wanawake watatu wageni, wakaingia kwake, na mmoja akakalia kiti chake. Aliporudi, utawala ulikuwa umeshaondoka. Yeye alibaki na Milanzi na mlima Itwelele. Ukoo wa wale wageni, Watwa, baadaye uligawanyika katika tawala mbili, Nkansi na Lyangalile.

Kwa nini hakuna tiketi?

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliwaondolea machifu mamlaka ya kiutawala. Vyeo vikaisha kisheria, lakini koo hazikuhama. Ndiyo maana sehemu nyingi nchini ukiulizia ikulu ya chifu, unajikuta umefika kwenye mji wa familia: watoto wanacheza, nguo zimeanikwa, na makaburi ya wazee yapo hapo hapo.

Wenzetu wanafanyaje?

Uganda, wageni wanalipia kuingia Lubiri, Mengo, kwenye eneo la ikulu ya Kabaka wa Buganda. Jeshi lililivamia mwaka 1966, Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993. Leo mgeni anatembezwa uwanjani, lakini ndani ya jengo la Twekobe, makazi rasmi ya Kabaka, haingii.

London nako, Buckingham ilianza kupokea watalii mwaka huo huo wa 1993, ili kuchangia ukarabati wa kasri la Windsor lililoungua 1992. Ina vyumba 775, ila wanaoingia majira ya joto wanaonyeshwa vyumba 19 tu vya kiserikali.

Kote huko kanuni ni moja: mwenye nyumba ndiye anayeamua mlango upi ufunguliwe.

Ufanye nini kabla ya kwenda?

- Pitia kwanza ofisi ya mtaa au kijiji, uulize mzee wa kukutambulisha.
- Toa taarifa mapema. Usitokee tu mlangoni na kundi la watu.
- Vaa kwa heshima, na ukiambiwa vua viatu, vua.
- Omba ruhusa kabla ya kutoa simu. Makaburi na vifaa vya kimila siyo vya kurusha mtandaoni kiholela.
- Beba zawadi au mchango. Familia nyingi hutunza urithi huu kwa mfuko wao.

Familia ikichoshwa na wageni wasio na adabu, itafunga mlango, na wazee wataondoka na simulizi zao.

Na jambo la mwisho, hasa ukiwa Ufipa: usikae kabla hujaonyeshwa kiti. Huku wanajua kiti kinaweza kuleta nini.