Doa la Unyayoni

Mkulima wa Nyakoe akiona doa jeusi unyayoni huulaumu utomvu wa mgomba au mwiba aliowahi kuukanyaga, na mara nyingi hajakosea. Lakini melanoma, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, ikimpata mtu mweusi hupenda kuanzia unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Huko weusi wetu hautukingi. Melanoma ya mwanamuziki Bob Marley ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikagunduliwa 1977. Alifariki Mei 1981, akiwa na miaka 36.

Kinachosaidia kutofautisha madoa hayo ni demoskopi, lenzi ya mkononi yenye taa, ambayo hukuza mara 10 hivi na kuondoa mng'aro wa juu ya ngozi ili rangi ya ndani ionekane. Rangi iliyo karibu na uso wa ngozi huonekana kahawia au nyeusi. Iliyozama huwa ya kijivu au samawati.

Unyayo ukiutazama kwa lenzi ni shamba lililolimwa: matuta na mifereji. Juu ya matuta kuna nukta nyeupe, ambazo ni vitundu vya jasho. Doa lisilo na madhara aghalabu hufuata mifereji. Melanoma hupaka matuta. Kanuni hiyo ilipata nguvu kwa utafiti wa Toshiaki Saida na wenzake uliochapishwa 2004, ila wagonjwa wao walikuwa Wajapani. Hapo ndipo ninapowaonya wahudumu wa afya wenzangu wanaoikariri kama sala. Watu weusi wengi wana madoa ya asili unyayoni, na baadhi hukaa matutani vilevile. Rangi ya kupaka nywele na madoa mengine ya nje nayo hushika matuta.

Kwa hiyo tazama kwanza kama unyayo wa pili nao una madoa kama hayo. Kisha kwangua taratibu kwa wembe safi wa hospitali: rangi ya nje au damu iliyoganda hutoka. Doa likibaki, tena liko peke yake, kingo zimepinda na rangi zimechanganyika, hukatwa kipande kipelekwe maabara. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho, si lenzi.

Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwetu. Mstari wa ukucha mmoja unaopanuka, au weusi unaomwagikia ngozi ya pembeni, si wa kungoja.

Kutoka Nyakoe hadi hospitali ya rufaa mjini Kisii ni safari fupi ya matatu. Doa linalokua au kidonda cha unyayo kisichopona kipeleke huko, na usikikate mwenyewe nyumbani.