Celeron 300A: Prosesa ya Bei Rahisi Iliyowatoa Jasho Wakubwa

Tarehe 24 Agosti 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa kadhaa kwa siku moja, zikiwemo hizi mbili. Pentium II ya megahezi 450 iliuzwa kwa bei ya jumla ya dola 669. Celeron 300A, yenye megahezi 300, iliuzwa dola 149. Ya kwanza ilikuwa ya wenye nazo, ya pili ya wale wanaouliza bei kabla ya kuuliza kitu chenyewe. Haukupita muda, watu waliozoea kushika bisibisi wakawa wananunua ile ya dola 149, wanaiendesha kwa megahezi 450, na kwenye michezo ya kompyuta inakwenda sambamba na Pentium.

Walifanyaje? Prosesa hufanya kazi kwa mapigo, na megahezi moja ni mapigo milioni moja kwa sekunde. Mapigo ya msingi hutolewa na ubao mama, kisha prosesa huyazidisha kwa namba yake yenyewe. Namba ya 300A ilikuwa 4.5. Ubao ukitoa megahezi 66.6, jibu ni 300. Intel walikuwa wameifunga namba hiyo isibadilishwe, na walikuwa na sababu: walaghai walikuwa wakifuta maandishi kwenye prosesa za mwendo mdogo, wanaandika mwendo mkubwa, wanauza kwa bei ya juu. Lakini mapigo ya msingi hayakuwa mikononi mwa prosesa. Ubao mama wa kizazi cha 440BX, uliotoka mwaka huohuo, ulikuwa umetengenezwa utoe megahezi 100 kwa ajili ya Pentium II. Zidisha 100 kwa 4.5 uone unachopata.

Kwenye baadhi ya mbao mama ilitosha kuingia kwenye mipangilio ya programu ya kuwashia kompyuta na kuchagua 100. Nyingine zilikuwa zikiisikiliza prosesa kwanza, kupitia kimguso kimoja kilichoitwa B21, ili zijue ziipe 66 au 100. Hapo wajanja walikata kipande kidogo cha selotepu, au wakapaka rangi ya kucha, wakakifunika kimguso hicho. Ubao ukadanganyika. Sijui kama kuna chupa nyingine ya rangi ya kucha iliyowahi kuokoa dola 520.

Ujanja peke yake usingetosha kama chuma chenyewe hakina uwezo. Prosesa hizi zote mbili zilitengenezwa kwa teknolojia moja ya maikroni 0.25, na kiwanda kikishaizoea teknolojia, vipande vingi vinavyotoka huwa vizuri kuliko soko linavyohitaji. Mtengenezaji hupima kila kipande na kukipa daraja, huku akiacha nafasi ya usalama kwa ajili ya joto na umeme usiotulia. Soko likitaka bidhaa nyingi za bei nafuu, kipande kinachoweza 450 huandikwa 300 na kupelekwa dukani. Isitoshe, Pentium II ilibeba kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka, ya kilobaiti 512 iliyokaa nje ya prosesa na kwenda kwa nusu ya mwendo wake. Celeron 300A ilikuwa na kilobaiti 128 tu, lakini zilikuwa ndani kabisa, zikienda mwendo uleule wa prosesa. Ndiyo maana kupanda mwendo hakukuivunja. Kilichokuwa kidogo kilikuwa karibu.

Kuna bahati nyingine ambayo wengi hawakuiona. Kadi za sauti, za mtandao na vidhibiti vya diski vilitegemea njia ya megahezi 33, inayopatikana kwa kuyagawa mapigo ya msingi. Sitini na sita kwa mbili ni 33. Mia kwa tatu ni 33 vilevile. Aliyeichagua 83, akidhani anakwenda kwa tahadhari, ndiye aliyeipeleka njia hiyo kwenye megahezi 41 na kuhatarisha faili zake.

Mchezo huu haukuanza na Celeron. IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikwenda kwa megahezi 6, nusu ya mapigo ya fuwele ya megahezi 12 iliyochomekwa kwenye ubao. Watu waliichomoa, wakaweka ya 16, wakapata 8. Baadaye IBM waliongeza ukaguzi katika programu ya kuwashia: ikikuta mwendo umezidi, kompyuta inagoma kuwaka. Na je, wajua kwamba kitufe cha turbo kwenye kompyuta za zama zile kazi yake ya kweli ilikuwa kupunguza mwendo? Michezo ya zamani ilihesabu muda kwa mapigo ya prosesa, na kwenye mashine mpya ilikimbia kiasi cha kutochezeka.

Ovaklokingi, kama wenyewe wanavyoiita, ina gharama yake, nayo ni joto. Joto hupanda sambamba na mwendo, na hupanda kwa mraba wa volti. Ukiiongezea prosesa mwendo kwa asilimia 50 na volti kwa asilimia 10, joto linakuwa mara 1.8 hivi ya lile la awali. Ndiyo sababu wanaosaka rekodi humimina naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa heliamu ya kimiminika, yenye ubaridi mkali zaidi, mwaka 2011 prosesa ya AMD FX ilifika gigahezi 8.429 na kuingia kwenye kitabu cha Guinness. Haikuwa ya kuandikia barua ya kazi.

Sasa tuje kwenye kompyuta iliyozeeka hapo nyumbani, labda ile mpakato ya mtumba inayochukua dakika nzima kufungua faili moja. Je, tuifanyie ilivyofanyiwa Celeron? Hapana. Prosesa za leo hujiongezea mwendo zenyewe pale joto linaporuhusu, na kwenye kompyuta mpakato nyingi mlango umefungwa kabisa. Tena ukipata nyongeza ya asilimia 10, utakuwa umeharakisha kitu ambacho muda mwingi kinakaa bure.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja mashine inapokwama, utazame dirisha linalofunguka. Mara nyingi utakuta prosesa iko asilimia 10 na diski iko 100. Diski kuu ya zamani ni sahani inayozunguka na mkono unaohamahama juu yake, kama santuri na sindano yake. Ikizunguka mara 5,400 kwa dakika, mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Mkono usogee, sahani ifike mahali pake: milisekunde 17 hivi zimekwenda kwa kipande kimoja tu cha data. Kwa prosesa ya gigahezi 3 hayo ni mapigo zaidi ya milioni 50 ya kungoja. Diski ya kisasa ya aina ya SSD haina kinachozunguka, na hujibu kwa takribani sehemu ya kumi ya milisekunde.

RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, inafuata. Ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia mambo kwenye diski, na hapo unarudi kulekule kwenye foleni. Angalia aina kabla ya kununua, maana DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na kwenye mashine nyembamba RAM huwa imelehemiwa, haibadilishwi. Feni iliyojaa vumbi isafishwe pia, kwa sababu prosesa ikichemka hujipunguzia mwendo ili isiungue.

Kuna suala la programu pia. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine isiyofikia hapo inaweza kupewa mfumo endeshi wa Linux na kuendelea na kazi.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Nakili faili zako mahali pengine kabla ya kumpelekea fundi mashine, na ukienda kuichukua kompyuta, dai na diski yako ya zamani: picha zako, barua zako na nywila zako bado zimo humo.