Ikianguka, Iache

Wapagazi sita walikuwa wameizunguka mashine yangu ya kuranda pale Keko, mmoja ameshatema mate viganjani. "Fundi, hii tunaibeba. Hesabu tatu tu!" Nikawaomba wakae chini kwanza.

Mashine ni Wadkin, iliyoundwa Leicester, Uingereza, chuma cha kusubu kuanzia kitako hadi meza. Ina kama kilo 700. Wagawie watu sita: kila mmoja anabeba zaidi ya kilo 116, huku akirudi kinyumenyume kwenye sakafu iliyojaa maranda. Uzito huohuo ndio ulionifanya niinunue. Chuma kizito humeza mtetemo, ndiyo maana ubao wa mninga hutoka laini, bila mawimbi. Ila chuma cha kusubu hakipindi. Kikidondoka, kinapasuka.

Zamani, nikiwa nimeajiriwa kwenye karakana ya mtu, tulihamisha msumeno wa mkanda. Ni mashine ndefu; gurudumu lake la juu linapita kichwa cha mtu, na kitako ni chembamba. Tuliusukuma ukiwa umesimama. Ukanasa kwenye ufa wa sakafu, ukainama. Kijana aliyekuwa karibu akafanya ambalo mwili wa yeyote ungefanya: akanyoosha mikono kuudaka. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka 19, na kwa kuchonga nakshi alikuwa amenizidi.

Tangu siku hiyo hatushiki kamba kabla sijasema neno moja, na kila mtu analirudia kwa sauti yake: ikianguka, iache. Ruka pembeni. Mashine inatengenezeka, au nitanunua nyingine.

Wapagazi walirudia. Kisha tukaanza, na kazi iliyodhaniwa ya nusu saa ikala siku nzima.

Nilifungua mota, uzio wa meza na visu vyote. Kisu cha randa kinakata hata mashine ikiwa imezimwa. Zikabaki kama kilo 600. Kuinua upande mmoja ni kuinua nusu yake, kilo 300. Tulichukua mtaimbo wa sentimita 150, tukauegemeza kwenye gogo sentimita 10 kutoka nchani. Upande wa mkono ukawa mrefu mara 14, kwa hiyo kilo 21 na ushei zilitosha. Mpagazi mwembamba kuliko wote aliinyanyua peke yake, wenzake wakanyamaza. Kila iliponyanyuka kidogo tulisukumia kipande cha ubao chini yake, kwa fimbo, si kwa mkono.

Tukaifunga kwa bolti juu ya mbao mbili za nne kwa nne, tukapitisha chini yake vipande vitano vya bomba la chuma. Bomba linalobaki nyuma linapelekwa mbele, na mashine inatambaa. Kuipandisha kwenye lori tulikodi gari la winchi.

Shida ilikuwa nyumbani, Chanika, nilikokuwa nahamishia karakana. Gari la winchi halipiti kichochoro chetu. Lori lilirudi nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo, sakafu yake ikawa sawa na ardhi. Lakini kutoka getini hadi karakana ni mteremko: urefu wa mita 12, unashuka mita 3. Ni robo, kwa hiyo hata pasingekuwa na msuguano wowote mzigo ungevuta kwa robo ya uzito wake, kilo 150. Hapo nikaondoa mabomba yote. Bomba kwenye mteremko ni kuuacha mzigo uamue mwenyewe. Tulitandika mbao njiani, mashine ikateleza juu yake ikiwa bado imefungwa kwenye zile nne kwa nne, na kamba nikaizungusha mara tatu kwenye shina la mwembe wa getini. Mizunguko ile hubana kiasi kwamba mtu mmoja, ameshika ncha tu, anaachia kidogo kidogo. Chini ya mteremko sikuruhusu asimame mtu, hata mke wangu aliyekuja na maji ya kunywa.

Sakafu ya zege, unene wa sentimita 15 yenye nondo, niliimwaga mapema na kuipa siku 28 ikomae. Umeme wa fezi tatu niliuomba TANESCO kabla ya kuhama, maana wa kawaida wa nyumbani hauiwashi mota hii. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mota inazunguka kinyume. Kwa hiyo niliijaribu bila mkanda wala visu. Nikarekebisha, nikavifunga, nikaweka pimamaji mezani, nikaranda ubao wa kwanza.

Msumeno wangu wa mkanda bado uko Keko. Unakuja Jumapili, na utakuja ukiwa umelazwa, gurudumu la juu limetolewa. Kamba ilikwangua gome la mwembe, hivyo nimeshatenga magunia mawili ya kuufunga.